Maji ya Miwa: Je, Kosa ni la Mfereji?

Kila yanapozungumzwa mashamba ya miwa, husemwa kwamba umwagiliaji wa mifereji umepitwa na wakati, na kwamba dawa yake ni kununua mitambo ya kunyunyizia au mipira ya matone. Msimamo huo tunaupinga. Si kwamba mfereji hauna kasoro. Tunaupinga kwa sababu unakitupia lawama chombo na kuwaachilia wanaopanga kazi.

Tuanze na hesabu. Vitabu vya FAO hukadiria kwamba mfereji mrefu wa udongo tifutifu hufikisha shambani asilimia 70 ya maji yaliyotolewa mtoni, na kwamba asilimia 60 tu ya hayo hufaa mizizi. Basi katika kila lita 100 mmea unapata 42. Na muwa wenyewe ni mnywaji: unataka milimita 1,500 hadi 2,500 kwa msimu.

Lita 58 zimekwenda wapi? Nyingine zimenywewa na mfereji njiani. Nyingine zimezama chini ya mizizi upande wa juu wa shamba, kwa kuwa mitaro ni mirefu mno na maji yanayofunguliwa ni kidogo. Juu kumeshiba, chini bado kunangoja. Nyingine humwagika mwishoni kwa sababu hakuna aliyefunga. Mfanyakazi mmoja akipewa zamu ya usiku, eneo kubwa na jembe tu, atafungaje kwa wakati? Asubuhi huandikwa kwamba ni mzembe.

Mengi ya haya hayahitaji mitambo: kusawazisha ardhi, kufupisha mitaro, kuanza na maji mengi kisha kuyapunguza yakishafika mwisho. Mwaka 1979 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, walieleza njia ya kufungua na kufunga maji kwa vipindi ili yasambae sawasawa zaidi.

Hata hivyo, neno "ufanisi" nalo tusilipokee bila kulihoji. Sehemu ya maji yanayoitwa hasara hurudi mtoni. Katika bonde la Pangani, miwa ya Arusha Chini iko chini ya mifongo ya Wachagga na juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye umeme na wavuvi wake. Shamba likiokoa maji na kuyatumia kupanua eneo la miwa, walio chini wanapungukiwa, ingawa taarifa ya shamba itang'ara. Mwaka 2018 watafiti walilionya jambo hili katika jarida la Science.

Tena kuna chumvi. Kwenye ardhi kame yenye magadi, maji kiasi lazima yapite chini ya mizizi yaioshe chumvi, na mitaro ya chini iitoe. Mpango unaotaka kila tone liishie kwenye muwa umesahau kazi hiyo, na gharama yake huonekana baada ya misimu kadhaa, wakati walioupanga wameshahamishwa.