Vishikwambi vya Tanga: Nani Aliyefundisha?

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 2,700 wa vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga walikabidhiwa vishikwambi ili wajifunze KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu hakuwapo, intaneti nayo haikuwapo. Taarifa zilizokusanywa kabla ya kuanza zilionyesha kwamba asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Hiyo ilikuwa hatua ya mwisho ya shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 kwa zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Timu tano zilifika fainali na kila moja ikapewa dola milioni 1: CCI na RoboTutor za Marekani, Chimple ya India, onebillion ya Uingereza, na Kitkit School, programu ya kampuni ya Enuma ambayo waanzilishi wake ni Wakorea waliokuwa wakifanyia kazi California. Kigezo cha ushindi kilikuwa kimoja: timu itakayowasogeza watoto mbali zaidi katika KKK baada ya miezi 15 ndiyo itakayoshinda. Mei 2019, onebillion na Kitkit School zilitangazwa kuwa zimefungana, na kila moja ikaondoka na dola milioni 5.

Habari ikazagaa kwamba watoto wa Tanga wamejifundisha kusoma wenyewe. Inapendeza kusikia, ila inawafuta watu wengi waliofanya kazi. Watoto wale walifundishwa. Tofauti ni kwamba waliowafundisha walimaliza sehemu kubwa ya kazi yao kabla ya mtoto kugusa kioo, na wengine waliiendeleza kila siku pale kijijini bila kuitwa walimu.

Tuanze na chaji. Kishikwambi kisicho na chaji ni kipande cha kioo tu, na vijiji vile havikuwa na umeme wa gridi wa kutegemea. Kwa hiyo kila kijiji kiliwekewa kituo cha sola, na akatafutwa mtu wa kukisimamia, mara nyingi mama wa pale pale kijijini. Kazi ya huyo mama haikuitwa kufundisha. Alikuwa akiangalia vifaa vichajiwe, visipotee, na watoto wavitumie. Waandaaji walishirikiana na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania, na Google ilitoa vishikwambi 8,000 vya aina ya Pixel C. Ukilinganisha idadi hiyo na ya watoto, utaona vifaa vilikuwa vingi kuliko mikono. Anayepanga mradi wa shule bila kutenga akiba ya vifaa anajidanganya, kwa sababu kioo hupasuka, tundu la chaji hulegea na betri huchoka.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni lugha. Mtu aliyezoea programu za kufundisha kusoma kwa Kiingereza huja na mzigo ambao Kiswahili hakiuhitaji. Mtoto wa Kiingereza hutumia miaka akikariri maneno ambayo tahajia yake haifuati matamshi. Kwetu, ukishazijua vokali tano na konsonanti chache, unaweza kusoma neno ambalo hujawahi kuliona. Ndiyo maana walimu wetu wa darasa la kwanza huanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na muda si mrefu mtoto anasoma baba, bibi, babu. Programu ikifuata njia hiyo, inafuata njia ambayo walimu wameitembea kwa vizazi.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake, na mashine hunaswa nayo kirahisi kuliko mwalimu. Chukua herufi m. Katika mtu, m inasimama peke yake kama silabi: m-tu. Katika mbuzi imeungana na b: mbu-zi. Katika mwezi inaungana na w. Mtengenezaji akirekodi sauti ya kila herufi kivyake kisha akaiachia kompyuta iziunganishe, kishikwambi kitatamka kitu ambacho hakuna Mswahili anayekisema. Njoo kwenye ngoma na ng'ombe. Alama moja ndogo ya ritifaa inabadilisha sauti nzima, na kwenye skrini ndogo alama hiyo ni nukta ambayo mtoto anaweza kuiruka. Hakuna mkato hapo: lazima mtu anayeijua lugha akae mbele ya maikrofoni, arekodi silabi kama silabi na neno kama neno, na mwingine asikilize na kukataa zilizokosewa. Hiyo ni kazi ya mwalimu, hata kama malipo yake yameandikwa kwenye mkataba wa studio.

Tena tukumbuke Tanga si mkoa wa Kiswahili peke yake. Kuna Wasambaa, Wazigua, Wabondei, Wadigo, na wafugaji wa Kimaasai. Kwa baadhi ya watoto, sauti iliyotoka kwenye kishikwambi ilikuwa ya lugha wanayoisikia sokoni zaidi kuliko jikoni.

RoboTutor, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Jack Mostow, ilijaribu kitu kigumu zaidi: kumsikiliza mtoto. Mostow alikuwa ametumia miaka mingi kwenye mfumo wa kompyuta unaosikiliza watoto wakisoma Kiingereza kwa sauti. Kuuleta kwenye Kiswahili kulimaanisha kuifunza mashine sauti za watoto wa Kiswahili, na watoto hutamka tofauti na watu wazima: hukatiza, hurudia, hunong'ona, huku mwenzao pembeni anapiga kelele. RoboTutor haikushinda. Hata hivyo, kiufundi naiona ndiyo iliyouliza swali la maana kuliko zote, kwa kuwa kusoma kunaanzia mdomoni, na programu inayongoja mtoto aguse jibu sahihi haijui kama amesoma au amebahatisha.

Timu zilizoshinda zilijenga juu ya kitu kisicho cha ajabu, nacho ni mpangilio wa hatua ndogo ndogo. Mtoto anapewa zoezi dogo. Akipata, anasonga. Akikosa mara kwa mara, anarudishwa nyuma bila kugombezwa na bila wenzake kumcheka. Mtoto wa miaka saba na wa miaka kumi wanaweza kukaa chini ya mti mmoja, kila mmoja akiwa kwenye hatua yake. Mwalimu mzuri anajua kufanya hivyo pia, shida ni wingi wa watoto. Kipimo cha serikali kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na anayetembelea madarasa ya awali vijijini anajua kipimo hicho kinavyopitwa. Hapo ndipo kifaa kinapokuwa na faida ya kweli: kina subira isiyoisha, na kinakumbuka alipoishia kila mmoja. Timu ya onebillion haikuanzia Tanga. Ilikuwa imeshafanya kazi shuleni Malawi, kwa Kichewa, na hilo linaonekana katika jinsi programu yake ilivyoandaliwa kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa skrini.

Sasa matokeo. Watoto walipimwa na watu, siyo kwa kishikwambi chenyewe, na hilo ni jambo la kupongezwa. Mtoto anawekewa herufi, silabi na maneno, anasoma kwa sauti, mpimaji anahesabu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Soma sentensi hiyo mara mbili. Kwa watoto ambao shule haikuwahi kuwafikia, hayo ni mafanikio makubwa. Na bado, kama tulianza na zaidi ya tisa katika kumi, karibu nusu ya watoto walimaliza miezi 15 wakiwa na kishikwambi mkononi bila kusoma neno. Wanaotangaza nusu ya kwanza wana wajibu wa kuitaja na ya pili. Isitoshe, shindano lilikuwa linazipima programu zenyewe kwa zenyewe. Halikuwekwa kupima mwalimu wa kujitolea kijijini, mwenye kitabu na ubao, angefika wapi kama angelipwa fedha zile.

Ninayasema haya kwa sababu vifaa vimeshaingia nchini kwa njia nyingine. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi. Kenya ilianza mapema zaidi: ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Kuvinunua na kuvisafirisha ni kazi, lakini ni kazi inayohesabika: unaandika namba, unapiga picha. Nani anachaji, nani anatengeneza kilichoharibika, na kishikwambi kinafundisha nini kwa Kiswahili kilichopangwa hatua kwa hatua, hayo hayana picha nzuri ya kupiga, na mara nyingi hayamo kwenye bajeti.

Kwa maafisa elimu wa halmashauri, kuna njia fupi inayopuuzwa. Kwa masharti ya shindano, programu za timu zote tano zilitolewa kama programu huria: mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzirekebisha na kuziweka kwenye vishikwambi bila kulipa leseni na bila kuhitaji intaneti baada ya hapo. Ziko zenye silabi, hesabu na hadithi za Kiswahili, na zimeshajaribiwa katika vijiji vyetu wenyewe. Kabla ya kutangaza zabuni ya kutengeneza programu mpya ya KKK, muwaite walimu wawili watatu wa darasa la kwanza, muwawekee hizo kwenye vishikwambi vya sensa, na muwaulize zinakosea wapi.