Kaburi, Kitabu na Barua: Kumsoma Tom Mboya kutoka Rusinga

Mhakiki wa tawasifu hukabiliwa na swali la tamati: ni nani aliyeiamua? Tom Mboya alichapisha Freedom and After mwaka 1963, miaka sita kabla ya kuuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Msimulizi wa kitabu hicho hayajui mauti yake. Anauzungumzia uhuru kama jambo linaloanza, na nafsi ya kwanza anayoitumia ni ya kiongozi anayeuhutubia umma.

Kaburi lake katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, lina msimamo tofauti. Limejengwa kwa umbo la risasi, na taashira hiyo inayasoma maisha yote kuanzia mauti. Mgeni huipata tamati kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Hapa kaburi na kitabu vinapingana.

Matini ya tatu inayoweza kuamua kati yao ni nyaraka za Mboya, zilizohifadhiwa katika Taasisi ya Hoover, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Barua, kama ilivyo tawasifu, haijui kesho. Lakini tofauti na tawasifu, humlenga mtu mmoja, na sauti ya mwandishi hubadilika kwa kadiri ya mpokeaji. Wanafunzi 81 waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani mwaka 1959 ni idadi katika historia. Kwa msomaji wa barua, safari kama hiyo ni maombi, ahadi na wasiwasi.

Ulinganisho na Thimlich Ohinga, katika kaunti jirani ya Migori, unalidhihirisha tatizo. Kuta hizo za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikiza, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Wajenzi wake hawakuacha maandishi, lakini kazi yao ingali pale pale, na husomwa sambamba na simulizi za wenyeji. Mboya aliacha maandishi mengi, nayo yako ng'ambo. Hicho ndicho kinaya cha urithi wake.

Hifadhi ya Stanford si ya kubezwa. Hata hivyo, nakala kamili zikiwekwa Rusinga, mwanafunzi wa Homa Bay ataweza kuupinga usomaji wa kaburi kwa ushahidi. Zisipowekwa, atairithi risasi na kuikosa sauti.