Ubunifu wa Nani? Vyuo Vikuu Vyetu Mbele ya Kipimo cha Bwejuu

Katika miaka ya karibuni maneno matatu yamekuwa wimbo wa vyuo vikuu vyetu: ubunifu, teknolojia na ujasiriamali. Yamo katika hotuba za mahafali, katika mitaala na katika mipango ya vyuo. Tangu 2019 Taifa lina mashindano yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya elimu yetu ya juu, kwa shabaha ya kuiunganisha elimu hiyo na mageuzi ya uchumi. Na kila mwaka maelfu ya wahitimu wanaambiwa: msingoje kuajiriwa, jiajirini.

Kada hawezi kuyapokea maneno hayo kwa makofi tu. Wala hana haki ya kuyakataa kwa sababu tu yanapendwa na mabepari. Wajibu wake ni kuyachambua. Neno lisilochambuliwa hugeuka kasumba, na kasumba ya msomi ni mbaya kuliko ya asiyesoma, kwa kuwa msomi hupewa nafasi ya kuieneza. Basi tuyaulize maneno haya maswali matatu ambayo siasa ya Ujamaa na Kujitegemea ilitufundisha kuuliza juu ya kila jambo la uchumi. Nani anabuni? Nani anamiliki nyenzo? Nani anachukua ziada?

Ili uchambuzi huu usiwe wa hewani, tuweke kipimo mahali penye watu. Tuchukue Bwejuu. Hapa hatuzungumzii Bwejuu ya Unguja, ambayo tutaifikia baadaye, bali kisiwa kidogo cha Bwejuu katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, upande wa bahari inayotenganisha Mafia na delta ya Rufiji. Ni kisiwa cha wavuvi. Hatukichagui ili tukionee huruma. Tunakichagua kwa sababu kipo mwisho wa njia: baada ya Dar es Salaam kuna Kilindoni, na baada ya Kilindoni bado kuna chombo cha kupanda. Teknolojia inayofika huko na kubaki huko, ikatengenezwa huko inapoharibika, hiyo imefika kwa umma. Ile inayoishia kwenye ukumbi wa maonyesho haijafika.

Jambo la kwanza ambalo kisiwa kama hicho kinatufundisha ni kwamba ubunifu haukuzaliwa chuoni. Mvuvi wa pwani anajua kusi na kaskazi, anajua bamvua na maji mafu, anajua mwezi gani utege dema na mwezi gani ushushe mshipi. Mafundi wa Jibondo, kisiwa jirani katika wilaya hiyohiyo, wamejulikana kwa vizazi vingi kwa kuunda vyombo vya baharini. Elimu hiyo haina cheti, lakini ni sayansi iliyopimwa na bahari yenyewe, na bahari haimpi mtu alama za upendeleo. Kwa hiyo nadharia isemayo kwamba maarifa hutoka chuoni na kushuka kwa wananchi kama mvua ni nadharia ya kibwanyenye, hata ikisemwa na mtoto wa mkulima. Maarifa ya chuo na maarifa ya mvujajasho ni lazima yakutane, na kila upande uwe mwalimu na mwanafunzi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mvuvi wa kisiwa kidogo asiye na barafu analazimika kuuza samaki wake siku ileile, kwa yule aliyekuja na barafu na chombo. Akikataa bei ya asubuhi, jioni samaki ameoza. Anaweza kuwa hodari kuliko wavuvi wote, na akabaki maskini. Umaskini wake hautokani na uvivu wala na kukosa mawazo. Unatokana na kwamba hawezi kungoja. Asiyeweza kungoja hana sauti juu ya bei. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu: unyonyaji hauhitaji mjeledi ikiwa mzalishaji hana nyenzo za kumwezesha kungoja.

Tukiwa na kipimo hicho, tutazame nyuma. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU Dar es Salaam, miezi miwili kabla ya Uhuru. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Mwaka uliofuata lilitoka Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 Chuo kikawa Chuo Kikuu kamili. Mwaka 1973 kilianzishwa Kitivo cha Uhandisi, na mwaka huohuo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mwaka 1986 ilitungwa sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mfululizo huo unaonyesha kwamba swali la chuo kikuu kumtumikia nani halikuletwa na wafadhili. Tuliliuliza sisi wenyewe, mapema, na kwa lugha yetu.

Lakini Chama kinachojiheshimu hujikosoa. Ndiyo maana ya kijitabu cha Tujisahihishe cha mwaka 1962. Tuliuliza swali sahihi, na jibu letu likawa nusu. Tulimtaka msomi awe na moyo wa kuwatumikia wananchi, lakini hatukujenga vya kutosha daraja la kupitisha kazi yake. Mashine nyingi za mfano zilitengenezwa katika karakana, zikaonyeshwa Sabasaba, zikarudi karakana. Kijiji hakikuwa na fedha ya kuzinunua, kiwanda hakikuwa na chuma cha kuzitengeneza kwa wingi, na mhandisi alipandishwa cheo kwa kuandika makala, si kwa mashine yake kutumika. Baadaye yakaja matatizo ya uchumi ya miaka ya 80 na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na fedha za utafiti zikapungua. Utafiti ukaanza kufuata mfadhili. Moyo peke yake hausukumi mashua, unahitaji tanga.

Sasa tutazame mfano ulio hai, ambao kila mwanafunzi wa vyuo vyetu angepaswa kuujua kuliko anavyojua hadithi za matajiri wa California. Mfano huo ni mwani. Katika miaka ya 70 na 80 Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti juu ya mwani wa pwani yetu na kutetea wazo kwamba unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kikaenea hadi Bwejuu ya Unguja, Pemba, pwani ya Bara na Mafia. Kazi hii ikashikwa na wanawake kwa sehemu kubwa sana. Mwanamke aliyekuwa hana fedha yake mwenyewe akafunga mbegu kwenye kamba, akavuna, akakausha, akapata daftari na sare za mtoto wa shule. Huo ni ushindi, na tusiudharau.

Lakini yale maswali matatu hayajaondoka. Nyenzo za mwanzo, yaani kamba na mbegu, mara nyingi zilitolewa na kampuni ya mnunuzi, na mkulima akafungwa kumwuzia huyohuyo kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mwani mkavu ukasafirishwa nje, huko ukatolewa karajenani, ute unaotumika katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingi. Faida kubwa ikabaki penye kiwanda. Mwani haiozi upesi kama samaki. Ila njaa ya nyumbani nayo haina subira, na mnunuzi ni mmoja. Kwa njia nyingine tumerudi palepale: mzalishaji hawezi kungoja.

Kisha bahari ikabadilika. Joto la maji lilipoongezeka, aina ya mwani yenye bei nzuri, ijulikanayo kama cottonii, ikaanza kufa katika maji mafupi, na wakulima wakabaki na spinosum, yenye bei ndogo. Hapo Taasisi ya Sayansi za Bahari, chombo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ilionyesha maana ya utafiti wa umma. Mtafiti Flower Msuya na wenzake walifanya kazi pamoja na wakulima kujaribu nyavu za mirija zinazoweza kuwekwa katika maji ya kina. Tangu mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na Serikali uliwasaidia wanawake kusaga mwani na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Sabuni moja inabeba thamani ambayo kilo ya mwani mkavu haikupata kuibeba. Na hata hapo ukajitokeza mgongano mpya: nyavu za maji ya kina zinahitaji chombo na kuogelea, na wanawake wengi hawana chombo wala hawakufundishwa kuogelea. Teknolojia haitui juu ya ardhi tupu. Inatua juu ya uhusiano wa watu uliopo.

Kwa mwanga huo tunaweza kuihakiki nadharia ya ujasiriamali kama inavyofundishwa. Kosa lake la kwanza ni kuligeuza tatizo la mfumo kuwa tatizo la tabia. Kijana asiye na kazi anaambiwa amekosa fikra za kijasiriamali, kama vile mvuvi wa Bwejuu angeweza kuipata barafu kwa kubadili fikra. Kosa la pili ni kumtenga mbunifu na wenzake. Mashindano hutoa mshindi mmoja, na mshindi huyo, mwenye deni la mkopo wa masomo, huliuza wazo lake kwa wa kwanza aliyefika na fedha. Naye hawezi kungoja! Mhitimu na mvuvi ni ndugu kuliko wanavyojua. Kosa la tatu ni kupima ubunifu kwa idadi ya kampuni zilizosajiliwa na tuzo zilizotolewa, si kwa idadi ya wazalishaji waliopata nafuu.

Hata hivyo, tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wapo makada wanaodhani kwamba hesabu, soko na faida ni mambo ya mabepari, na kwamba ushirika unaweza kuishi kwa nyimbo. Vyama vya ushirika na mashirika ya umma mengi yalikufa si kwa sababu yalikuwa ya umma, bali kwa sababu hesabu zake hazikufungwa na viongozi wake hawakuulizwa. Ushirika unahitaji ujasiri wa kuanzisha, ustadi wa kuendesha na mhasibu mwaminifu. Kama huo ndio ujasiriamali, basi tunauhitaji, ila uwe wa kikundi na uwajibike kwa kikundi.

Kwamba jambo hili linawezekana tunaona kusini mwa India. Huko wavuvi wadogo waliunda vyama vyao vya vijiji, na mwaka 1980 wakaviunganisha katika shirikisho la SIFFS. Shirikisho hilo likamiliki karakana za kuunda boti za mbao za tabaka na za kutengeneza mashine za boti, na vyama vikauza samaki kwa pamoja. Wahandisi walileta michoro. Wavuvi wakaisahihisha baharini. Umiliki wa karakana ulikuwa wa wavuvi.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mhadhiri na mwanafunzi wapimwe pia kwa kazi iliyokubaliwa na wazalishaji. Mtambo wa barafu wa nguvu ya jua, kaushio la dagaa, karakana ya mashine za boti: mambo hayo yahesabiwe katika kupanda cheo sawa na makala. Pili, fedha za halmashauri zifuate teknolojia. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mikopo hiyo ikitolewa bila utaalamu huzaa vibanda kumi vya namna moja katika mtaa mmoja. Ikiunganishwa na chuo na SIDO, inaweza kuzaa chombo cha barafu kinachomilikiwa na kikundi. Tatu, mkataba wa kila utafiti uliofanywa na wananchi useme wazi wananchi hao watapata nini matunda yakipatikana. Nne, kilichobuniwa kwa fedha ya umma kisiuzwe kwa mtu binafsi kabla ya ushirika kupewa nafasi.

Kazi hii haimngoji Waziri. Kada aliye chuoni aanze na swali moja dogo katika kila semina ya ubunifu: kitu hiki kikiharibika Bwejuu, nani atakitengeneza, na kikileta faida, itakaa mfukoni mwa nani? Asipojibiwa, aulize tena. Na kada aliye wilayani aende chuoni na orodha ya matatizo, asingoje wageni waje na orodha ya majibu. Siku mvuvi wa kisiwa hicho atakapoweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo sitaki, njoo kesho," na samaki wake wakalala salama hadi kesho, siku hiyo tutakuwa na haki ya kusema kwamba vyuo vikuu vyetu vimebuni.