"Baridi Yabisi ya Moyo": Tafsiri Inayopotosha

Miongoni mwa tafsiri zinazostahili kutazamwa upya ni "baridi yabisi ya moyo", inayotumika kuutaja ugonjwa uharibuo vali za moyo baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Chanzo chake si baridi. Kinga ya mwili, ikisha kupambana na vijidudu vya kooni, huweza kugeuka na kuzishambulia vali. Mzazi wa Endabash, wilayani Karatu, ambako asubuhi huwa na ubaridi, akilisikia jina hili atamnunulia mwanawe sweta na kulisahau koo.

Wako waandikao "ugonjwa wa kinga". Hili nalo hatuliafiki. Tangu neno UKIMWI lienee, msikilizaji huelewa kuwa kinga imepungua. Kumbe hapa kinga inazo nguvu, ila imekosea adui. "Kinga kujishambulia" pia si sahihi, kwa kuwa kinachoshambuliwa ni mwili, wala si kinga.

Kuhusu uchunguzi, "kipimo cha moyo" hakitoshi. Daktari asikilizaye mapigo, apimaye umeme wa moyo, na atazamaye vali kwa mawimbi ya sauti, wote wanapima moyo. Lakini ni huyu wa mwisho awezaye kuona kasoro ndogo ya vali kabla mtoto hajahisi lolote. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 waliogunduliwa hivyo. Baada ya miaka 2, kasoro iliongezeka kwa chini ya 1 katika kila 100 waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi, na kwa takriban 8 katika kila 100 wasiochomwa. Mzazi asiyeelewa aitiwacho hatampeleka mtoto asiyelalamika.

Kwa hiyo tunapendekeza: "maradhi ya kinga kushambulia mwili" kwa kundi zima, "ugonjwa wa vali za moyo utokanao na koo" kwa huu, na "ultrasaundi ya moyo" kwa kipimo, kwani ultrasaundi imekwisha kuzoeleka kliniki za wajawazito. Kiungo "ya moyo" kisiachwe, mama asije akashangaa mwanawe wa kiume anapimwa mimba.

Itasemwa kuwa majina haya ni marefu. Ni kweli. Baridi yabisi na ibaki kwenye viungo. Moyoni, ufupi wake una gharama.