Siagi na Nyundo

Papasa chini kidogo ya shingo, upande wa kushoto. Ule mfupa mwembamba unaotoka kidarini mpaka begani ndio mtulinga. Ukianguka ukajikinga kwa mkono au ukatua kwa bega, kishindo chote hupitia hapo, na mfupa wenyewe hauzidi unene wa kidole. Waendesha pikipiki wa mashindano huuvunja mara nyingi hata wengine wakauzungumzia kama fundi anavyozungumzia waya wa klachi: umekatika, tia mwingine, twende.

Jorge Lorenzo aliuvunja wake Alhamisi, Juni 27, 2013, huko Assen, Uholanzi. Ilikuwa mazoezi ya alasiri, lami imelowa, naye akaanguka kwenye kona ya kasi iitwayo Hoge Heide. Alikuwa bingwa mtetezi wa dunia wa mbio za pikipiki, pointi 7 tu nyuma ya mpinzani wake Dani Pedrosa. Jioni ile akapandishwa ndege hadi Barcelona, na usiku wa kuamkia Ijumaa madaktari wakamfunga bamba la titani kwa skrubu 8. Ijumaa hiyohiyo akarudi Uholanzi. Jumamosi asubuhi akapimwa, akaruhusiwa. Mchana akapanga mstari na wenzake, nafasi ya 12, mizunguko 26 ikimngoja.

Hadithi hii husimuliwa kama ya ushujaa, na mimi sibishi. Lakini ushujaa peke yake haufikishi pikipiki ya kilo 160 mwisho wa mbio pale Assen. Kilichomfikisha ni namna yake ya kuendesha.

Assen ina kona 18 katika kilomita 4.5, na chimbuko la mashindano yake ni barabara za vijiji, ndiyo maana hata leo njia yake inajikunja kama ya mtu anayekwepa mashamba ya watu. Nyingi ya kona hizo ni za kasi, na moja haijaisha nyingine imeshaanza, kulia kisha kushoto. Hapo ndipo mkono unapoteseka. Pikipiki iendayo kasi haikati kona kwa kugeuzwa usukani kama baiskeli ya mtoto uani. Ukitaka kwenda kushoto, unausukuma mbele upande wa kushoto wa usukani, na pikipiki inalalia hukohuko. Magurudumu yanayozunguka kwa kasi hayapendi kulazwa, hivyo kila ubadilishaji ni kusukuma na kuvuta kwa nguvu. Kisha kuna breki. Ukizishika kwa uzito pikipiki inapunguza mwendo, mwili wako haupunguzi. Unaendelea mbele na kuangukia viganja, na kutoka viganjani mzigo unapanda kwenye viwiko, mabega, mtulinga.

Sasa mtazame Lorenzo wa siku za kawaida, mwenye mifupa mizima. Kijana Marc Marquez, aliyeingia daraja la juu mwaka huohuo, alizoea kuingia kona tairi la nyuma likiyumba na kiwiko kikiburuzwa kwenye lami. Lorenzo alikuwa hana vituko. Alishika breki mapema kidogo, akaiachia taratibu, akaitiririsha pikipiki ndani ya kona bila kuikatia mwendo, akaanza kuvuta mafuta kwa mkono mwepesi kama anayefungua bomba la maji kwenye chombo kilichokaribia kujaa. Mapaja yanabana tangi ili mikono isibebe mwili. Mzunguko baada ya mzunguko, mstari uleule, muda uleule. Mwenyewe aliupa mtindo huo maneno mawili ya Kihispania, mantequilla na martillo, yaani siagi na nyundo: laini kama siagi, halafu unapigilia bila kukoma.

Watu wengi waliona mtindo huo unachosha kuutazama. Mimi nilijifunza kuupenda nikiwa abiria wa bodaboda. Dereva mwenye papara utamjua kwa helmeti: kila akishika breki, yako inagonga ya kwake, ko! Yuko mwingine anayekupitisha kwenye foleni ileile, kwa muda uleule au pungufu, na helmeti hazigusani hata mara moja. Haringi, na ukishuka huwezi kusimulia safari yenyewe maana hakukuwa na kisa. Nauli yake ndiyo ninayoitoa bila kuomba punguzo.

Jumamosi ile ulaini huo ndio uliokuwa akiba yake. Mtu ambaye siku zote anaitupa pikipiki kwa misuli, umtolee bega moja, amekwisha. Lorenzo alipoteza nguvu, akabaki na mahesabu: wapi ashike breki, lini miguu ibebe badala ya mikono. Akatoka nafasi ya 12, akapanda mapema, akamaliza wa tano, nyuma ya Pedrosa kwa nafasi moja tu. Mbele kabisa mwenzake wa timu ya Yamaha, Valentino Rossi, alipata ushindi wake wa kwanza tangu 2010. Marquez alikuwa wa pili, na yeye alikuwa amevunjika kidole cha mkono na cha mguu wikiendi ileile. Ya ajabu kweli. Bango la matokeo lingeweza kubandikwa wodini.

Je, alistahili kuruhusiwa? Kwa maoni yangu, hapana. Haikuwa imetimia hata siku mbili tangu apasuliwe, na lau angeangukia bega lile tena, bamba lingepinda. Sibashiri: wiki mbili baadaye, Sachsenring, Ujerumani, alianguka na lilipinda. Mbio zile akazikosa.

Msimu ulikwenda mpaka Valencia, mwezi Novemba, Marquez akiongoza kwa pointi 13. Kushinda tu kusingemsaidia Lorenzo. Alihitaji wengine wampite Marquez. Basi mizunguko ya mwanzo akakaa mbele na kupunguza mwendo kwa makusudi, ili kundi lisonge na walio nyuma wapate nafasi ya kumfikia kijana. Pedrosa akajaribu kumpita, yeye akairudisha nafasi yake, akaendelea kuwabana. Jaribu kufikiria kazi hiyo: kuwa polepole mbele ya watu wenye kasi kuliko wote duniani, bila kupitwa. Hakuna aliyemtilia Marquez vikwazo vya kutosha. Ilipobainika hivyo, Lorenzo akafungua mafuta, akaondoka, akashinda mbio yake ya nane ya msimu. Marquez akaingia wa tatu. Hesabu ikafungwa, 334 za Marquez kwa 330 za Lorenzo.