Manamba wa Kamera

Novemba 2007, Mtanzania Richard Bezuidenhout alitoka katika nyumba ya Big Brother Africa akiwa mshindi wa dola 100,000, baada ya kuishi mbele ya kamera kwa siku 98. Tulishangilia kama Taifa Stars imefunga goli. Ni wachache waliotaka kuzungumzia usiku mmoja wa Oktoba mwaka huohuo. Usiku ule, baada ya pombe nyingi, kamera zilirusha tukio lililomhusisha Richard na mshiriki mwenzake kutoka Nigeria. Watazamaji wengi waliliona kuwa ni shambulio la kingono dhidi ya mwanamke aliyelewa kiasi cha kutoweza kuridhia chochote. Waandaaji walikanusha kwamba kosa lilitendeka. Kipindi kiliendelea, kura zikapigwa, yeye akashinda na mwanamke yule akashika nafasi ya pili.

Sina nia ya kuisikiliza upya kesi ambayo haikufika mahakamani. Ninachotaka tukitazame ni namna tulivyobishana. Swali halikuwa kwa nini kamera ziliendelea kurusha. Swali lilikuwa yeye: kwa nini alikunywa, kwa nini alikwenda huko, si alijua anaonekana? Na lilipokosa jibu, lilifungwa kwa sentensi ambayo hadi leo ndiyo kufuli la kila mjadala kuhusu vipindi vya uhalisia: ni mtu mzima, alisaini mwenyewe.

Mtu wa Korogwe ana sababu ya kulitilia shaka neno “alisaini”. Mashamba ya mkonge yaliyoizunguka wilaya hii, kuanzia Ngombezi hadi Hale, yalijengwa na watu waliosaini. Waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuwatafuta, SILABU. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa pia kipande, kadi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama, na mshahara ulikuja kadi ilipojaa. Wengi wao hawakufungwa kamba. Walihitaji fedha za kodi, wakatia dole gumba kwenye karatasi. Hata hivyo, hakuna mwanahistoria makini anayesema kwamba kwa kuwa manamba alitia dole gumba, basi hapakuwa na unyonyaji.

Kiswahili chetu kina bahati hapa. Neno “unyonyaji” halimuulizi anayenyonywa kama aliridhia. Linauliza nani ananyonya na ananyonya nini. Azimio la Arusha la 1967 lililifanya neno hilo kuwa la kila siku, na hata kama siasa zake zimechakaa, swali lake bado lina makali: nani anafanya kazi, na nani anakula jasho lake? Tulipeleke swali hilo kwenye nyumba ya kamera. Kinachouzwa mle si mazungumzo wala mashindano. Ni mtu anayelia, anayependa, anayegombana, anayelala. Kulia ni kazi pale machozi yanapouza matangazo. Kulala ni kazi pale watu wanapolipia king’amuzi ili wakutazame umelala. Washiriki wote wanaizalisha bidhaa hiyo, lakini zawadi kubwa ni ya mmoja. Waliobaki wanaambiwa wamepata umaarufu, wajitafutie wenyewe namna ya kuula.

Kuna waliofaidika, na si haki kuwaficha. Cherise Makubale wa Zambia, mwanamke, alishinda msimu wa kwanza mwaka 2003. Idris Sultan wetu alichukua dola 300,000 mwaka 2014 na kujijengea jina katika uchekeshaji na uigizaji. Lakini hata mashambani wapo manamba waliopanda wakawa wanyapara. Mnyapara mmoja hafuti hesabu ya shamba zima.

Mkonge unatufundisha jambo jingine pia. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazofika sokoni ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi, na kwa miaka mingi makapi yalitupwa yakaozea hapohapo, watu wakiishi na harufu yake. Kamera nayo hukwangua hivyo. Inamrekodi mtu kwa maelfu ya saa na kuchukua dakika chache zinazouzika. Mtu mzima mwenye mama, kazi, imani na utani wake anatoka humo akiwa dakika mbili za aibu, na nyumbani anarudi akiwa makapi.

Hapo ndipo mwanamke na mwanamume wanapoachana njia. Picha ni moja, mzigo si mmoja. Mwanamume aliyeonekana kitandani na mwanamke hurudi mtaani akiitwa kidume. Richard alikuwa mume wa mtu alipoingia katika uhusiano na mshiriki mwingine mle ndani, na hilo halikumzuia kupigiwa kura. Mwanamke aliyeonekana kitandani hurudi na jina la utani litakalomtangulia kwenye usaili wa kazi, kwenye posa, hata shuleni kwa mwanawe. Mwandaaji anaujua utaratibu huu wa jamii vizuri, na anautegemea. Aibu ya mwanamke ni malighafi ambayo yeye hakuilipia. Sisi ndio tulioizalisha, kwa karne nyingi, tukampa bure.

Je, kuna kamera isiyonyonya? Mfano tunao hapahapa nchini. Maisha Plus, iliyoanza 2009, iliwaweka vijana kijijini wakaishi kwa kuteka maji na kupika kwa kuni. Mwaka 2012 iliungana na shindano la Mama Shujaa wa Chakula, ambalo Oxfam ililianzisha 2011 kwa ajili ya wakulima wanawake. Sister Martha Waziri wa Dodoma ndiye aliyeibuka mshindi mwaka huo. Jambo jipya lilikuwa kile kilichotazamwa: mwanamke anayejua mbegu, anayezungumzia haki ya kumiliki ardhi, anayewafundisha vijana wa mjini kushika jembe. Mwili wake ulikuwapo, ila ulikuwapo kazini. Kwa mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye mvua zikikosea mwaka mzima umeharibika, kumwona mwenzake akisikilizwa kwenye televisheni si jambo dogo.

Hata hivyo tusiisifu bila kuuliza. Kwa nini mwanamke aliyelisha familia kwa miaka mingi aliache shamba lake na kwenda kushindania kura za watazamaji ndipo apate vifaa vya kilimo? Haki haipaswi kuwa zawadi ya mshindi. Lakini kipindi kile kilithibitisha jambo moja: burudani haikuhitaji kumwaibisha mtu ili itazamwe.

Tatizo ni kwamba leo nyumba ya kamera haipo tena Johannesburg pekee. Imekuja Chanika mjini Handeni, na imekuja Korogwe, ikiwa na simu moja, kipaza sauti chenye nembo na chaneli ya YouTube inayojiita TV. Mama aliyetelekezwa na mume ameketi kwenye mkeka, nyuma yake ukuta wa udongo. Anaulizwa ilikuwaje siku ile, anaulizwa tena mpaka alie, kisha kichwa cha habari kinaandikwa kwa herufi kubwa. Hapa hakuna dola 100,000. Hakuna mkataba, hakuna mwanasaikolojia, hakuna hata kura. Pengine namba ya simu ya kuchangia itaonyeshwa chini, na pengine wasamaria watachanga. Ndiyo maana anakubali, na kukubali kwake kunafanana sana na dole gumba la manamba.

Tena siku hizi hakuna makapi yanayotupwa. Pale Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Kilichokuwa uchafu kikawa mali. YouTube imeyafanyia hivyo machozi: video ya mwaka juzi bado inatazamwa leo, bado inaingiza fedha, na mwenye machozi hapati hata senti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatambua kwamba mtu ana haki juu ya taarifa zake. Ni vigumu kumwona mama wa kwenye mkeka akifunga safari hadi Dar es Salaam au Dodoma kudai haki hiyo.

Kwa hiyo tuache kuuliza kama aliridhia. Tuulize alielezwa nini kabla kamera haijawashwa, analipwa nini kila video yake inapotazamwa, na siku akisema ifutwe, nani atalazimika kuifuta. Kipindi kisicho na majibu ya maswali hayo kinanyonya, hata kama mshiriki anatabasamu. Na sisi watazamaji tusijitoe haraka. Shamba la mkonge lilihitaji mnunuzi wa kamba. Shamba hili linahitaji kidole kinachobonyeza, na kidole hicho ni chetu.