Herufi za Balangdalalu

Andika BALANGDALALU ukutani kwa herufi kubwa, kisha rudi nyuma uangalie. Jina hilo la kata ya Hanang lina herufi 12, na ndani yake L inafuatwa na A mara mbili. L ina uwazi mkubwa juu, upande wake wa kulia. A ni pana chini na ncha juu. Zikikaa jirani hubaki shimo ambalo rula hailioni. Ukiweka nafasi ile ile kati ya kila herufi na mwenzake, mpita njia atasoma maneno matatu: BAL, ANGDAL, ALU.

Fundi wa mabango anayeijua kazi hapimi hivyo. Huisogeza A mpaka mguu wake wa kushoto unakaribia kuigusa L, kisha huziachia N na G nafasi zaidi, maana hizo zimejaa zenyewe. Rula ikija baadaye itasema amekosea. Jicho litasema amepatia, na bango huandikwa kwa ajili ya jicho.

Kazi yenyewe huanza kabla ya rangi ya maandishi kufunguliwa. Ukuta husuguliwa, hupakwa rangi ya chini, huachwa ukauke. Na huku Mbulu, kwa ukungu na baridi yake ya asubuhi, rangi ya mafuta haikauki kwa kuharakishwa. Uzi uliopakwa chaki huvutwa kutoka upande hadi upande, hubanwa, huachiwa ghafla, na mstari umepatikana. Mwingine hupigwa chini yake. Kisha ni hesabu: I ni nusu, M na W ni moja na nusu, zilizobaki moja moja, na nafasi kati ya maneno nayo ni moja. Akishapata jumla, fundi hutafuta katikati na kuchora kwa chaki akienda pande zote mbili. Wanaoiruka hatua hii tunawafahamu kwa kazi zao: SALUNI YA KISASA iliyoanza kwa mbwembwe kushoto, ikafika kulia herufi zimebanana na A ya mwisho imepanda fremu ya mlango.

Kuna mambo madogo ambayo hayaonekani mpaka yakosekane. O haiishii kwenye mstari. Huuvuka kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana imesinyaa kando ya D. Katika DUKA LA DAWA MUHIMU, maandishi yanayojirudia kila mji mdogo, neno la tatu ndilo mtihani. A, W na A zina mishazari inayolaliana, hivyo fundi huzikaribisha mpaka W iingie kidogo juu ya miguu ya A zote mbili. Hapo mkono umeegemea kijiti ili usitetemeke wala usifute chaki, na brashi bapa inavutwa mara moja, bila kurudiwa.

Na aina ya herufi? Wateja wengi hufika nayo kichwani. Wanataka ile ya kukunja-kunja, kwa kuwa Coca-Cola inayo. Mwandiko ule ulichaguliwa Atlanta na mtunza hesabu wa kampuni, Frank Robinson, mwaka 1886, nao ulikuwa mwandiko wa makarani wa Marekani wa wakati huo. Leo hakuna anayeusoma. Watu huutambua tu, kwa kuwa wameuona maisha yao yote. Duka la dawa la Dongobesh halina karne ya kusubiri. Linahitaji kusomwa na mtu aliye nyuma ya bodaboda, vumbi likiwa machoni. Kanuni ya waandika mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinadai karibu sentimita 2 na nusu za urefu wa herufi. Lakini urefu bila unene ni bure: mstari mwembamba hupotea kabla herufi haijafika machoni.

Wakati mwingine fundi hachagui kabisa. Mtandao mmoja wa simu uliitwa Celtel, ukawa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Kila mara kuta zilipakwa upya, na aliyepanda ngazi alilazimika kuufuata umbo kwa umbo mwandiko uliochaguliwa mbali na yeye. Kuiga namna hiyo nako ni ufundi, ingawa mimi huvutiwa zaidi na pale anapoachiwa achague.

Maana huku uchaguzi una masharti yake. Kiswahili hakitumii Q wala X, kwa hiyo bango la Dodoma au Tanga linaweza kuishi bila kujali zimechorwaje. Kiiraqw, lugha ya huku, kinazitumia, pamoja na TL, SL, HH na mkwaju, ile alama ya mshazari inayoshika sauti ya kooni. Kwenye kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002, jina la mwisho la mmoja wa waandishi watatu, Martha Qorro, linaanza na Q. Chukua fonti yenye Q ya mkia mfupi uandike jina la mahali, MASQARODA: kwa mbali inakuwa MASOARODA. Chukua Arial uandike jina jingine la mahali, Tlawi: l ndogo na I kubwa hazitofautiani, na mgeni hajui asome nini. H mbili zikibanwa ni nguzo za ua, na mkwaju ukiwa mwembamba hudhaniwa ni mkwaruzo. Shirika la SIL lina fonti inayopatikana bure, iliyochorwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, herufi zinazofanana zikitenganishwa kwa makusudi. Inaitwa Andika. Si ya kuvutia sana. Kwa kibao cha zahanati ningeichagua bila kusita.

Sasa mabango mengi huchapwa kwa mashine, na kompyuta ina fonti nyingi kuliko subira ya mteja. Kompyuta nayo hupanga nafasi yenyewe, mara nyingi vizuri, lakini fonti za bure zilizochorwa haraka huacha lile lile shimo la L na A, na nembo ikikuzwa hadi mita 4 shimo hukua nayo. Ningekuwa na duka la mabango Katesh, kila fonti mpya ingeandika kwanza DAWA, BALANGDALALU, Masqaroda na Tlawi, ikachapwa kwenye karatasi na kubandikwa ng'ambo ya barabara. Itakayosomeka kutoka huku ingeingia kwenye orodha ya kuonyesha wateja. Nyingine ningezifuta kabla hawajaziona.